Taa za Harusi Kwenye Lori la Kaka

Biharwe, Mbarara
Jumatatu

Kwako kaka Thaddée,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Kifua kimepoa? Blanketi tulilomwachia askari wa mahabusu lilikufikia? Huku sisi ni wazima. Mama yuko Nakivale, anapalilia mahindi yako pamoja na yake, na kila misa anakutaja.

Kaka, ndoa imenikaa vizuri mno. Régis akitoka gereji ananawa mikono mara tatu kabla ya kunishika, na mpaka leo naona haya kuandika "mume wangu". Miezi miwili tu, nami natambua hatua zake kati ya hatua za watu wote wa Biharwe. Nakuambia haya ujue ninachoogopa kupoteza.

Lori lako liliposhuka mlima bila giya na kumuua mzee Pontien aliyepanda juu ya magunia yake ya maharage, mkaguzi alipima breki na fyuzi, akaona vyote ni vizima. Akaandika kwamba uliliweka nyutro kuokoa mafuta, kama madereva wengi wanavyofanya. Wewe uliapa kwamba giya ilitoka yenyewe, lakini wakakuweka ndani. Hata nyumbani wapo waliocheka.

Kisha tajiri wako akalileta lori kwa Régis. Régis alipima waya unaopeleka umeme kwenye kompyuta ya giya: volti ishirini na nne, sawa kabisa. Wengine wangeishia hapo. Yeye aliufungia taa kubwa waya ule ili ubebe mzigo, na volti zikaanguka hadi kumi na moja. Nilikuwa nimempelekea chakula, akanieleza kwamba kompyuta ikikosa umeme huiachia giya, lori likabaki huru mteremkoni. Akaufuata waya kwa vidole hadi chini ya kabini, akabandua selotepu nyeusi. Ndani, shaba ilikuwa imeoza, imegeuka kijani; akakikata kipande hicho.

Akaniambia, "Prudence, huu ni mkono wangu."

Unakumbuka taa nyekundu na nyeupe zilizometameta mbele ya lori siku uliyonipeleka kanisani? Ni mimi niliyemlilia Régis azifunge, asubuhi ileile, tukiwa tumechelewa. Alichukua umeme kwenye waya uliokuwa karibu. Baada ya harusi akazitoa, akazungushia selotepu tu. Mvua ikaingia.

Sasa kosa langu. Régis alitaka kwenda polisi siku hiyohiyo. Nilimshika miguu, nikamwambia wewe una nguvu, utavumilia. Kile kipande cha waya nikakificha ndani ya gauni langu la harusi. Siku kumi na tisa, kaka. Umelala sakafuni siku kumi na tisa ili mimi nilale kifuani pake.

Leo nimempigia pasi shati jeupe la harusi na kumtilia waya mfukoni. Tunakwenda polisi pamoja. Barua hii naiacha kwanza hapo langoni pa mahabusu. Hukukosea popote.

Wakimleta humo kabla hawajakutoa, naomba umgawie blanketi.

Mungu akae nawe.

Mdogo wako uliyemfikisha altareni,
Prudence