Ile Salamu Yetu

Oulu, 6 Novemba 1987

Baba, shikamoo. Amani ya Mungu.

Mguu wako unaendeleaje? Mimi mzima, niko bado karakana ya mabasi. Najua ukifika hiyo salamu ya pili utakunja uso. Ni ya waumini peke yao, nami nilitoka kundini miaka kumi na moja iliyopita, ile Jumamosi nilipowasha moto wa sauna ili tuoge mvuke, nami nimelewa, nikasinzia, sauna ikateketea pamoja na mtambo wa Mama wa kufumia mazulia. Tangu hapo ukinikuta unanipa "habari" kavu, kama kondakta.

Basi sikia. Jumanne nilimfungulia moyo Taisto, fundi mwenzangu, muumini. Akaniwekea mkono begani, mkono umejaa grisi, akanitamkia yale maneno yetu: amini dhambi zako zote zimesamehewa kwa jina na damu ya Yesu. Nimeamini, Baba. Nililia mpaka msimamizi akadhani nimebanwa na jeki.

Kimebaki kimoja. Nisamehe ile sauna. Nataka uniamkie kwa amani ya Mungu kabla mmoja wetu hajafa.

Mwanao, Jouko

Hietaperä, 20 Novemba 1987

Jouko, marahaba.

Mguu haujambo. Theluji imefika madirishani. Mama yako aliishi miaka minne baada ya moto ule na hakufuma tena hata zulia moja. Kama Mungu amekusamehe, mimi ni nani nimpinge. Lakini salamu hiyo haitoki. Nimeijaribu mbele ya kioo nikinyoa.

Baba yako

Oulu, 24 Desemba 1987

Amani ya Mungu, Baba.

Heri ya Krismasi. Nitaiandika kila wiki, hata usipojibu. Unajua nimerithi ubishi kwa nani.

Mwanao

Hietaperä, 15 Februari 1988

Jouko, hujambo?

Sijaandika amani ya Mungu, na safari hii si kwa sababu yako. Mimi ndiye sistahili.

Barua zako zote ziko mezani. Jana jirani yetu Hilja alikuja nimtamkie msamaha, eti kamsengenya mke wa mchungaji. Nikamwekea mkono, mdomo ukagoma. Akaniuliza, "Oiva, umekwamwa na mwiba wa samaki?"

Ni ile dohani ya kutolea moshi wa sauna, mwanangu. Ilikuwa na ufa. Mama yako aliuona kiangazi, akaniambia mara tatu niuzibe, nikaenda zangu kuvua. Moto ulianzia juu, paani, niliuona kwa macho yangu. Ulilewa, ndiyo, lakini hukuichoma wewe. Watu walipokunyooshea kidole nilinyamaza, nikakunyima salamu ili wasinitazame mimi. Na miaka yote hiyo nimewatamkia wengine msamaha. Naona aibu.

Hapa ndugu wa kuwaendea ni wengi. Nakutaka wewe. Je, mtu kama mimi anaweza kusamehewa?

Oiva

Oulu, 18 Februari 1988

Amani ya Mungu, Baba.

Sitakuficha, nilikasirika. Nilipiga teke gurudumu la basi mpaka kidole kikavimba. Kumbe Mama alijua, ndiyo maana hakuacha kunitumia soksi.

Kisha nikaukumbuka ule mkono wa grisi. Taisto hakuniuliza dhambi yangu ina umri gani. Ndiyo, mtu kama wewe anaweza kusamehewa. Amini dhambi zako zote, na dohani, na kunyamaza kwako, zimesamehewa kwa jina na damu ya Yesu. Lakini maneno haya ni ya sikio, si ya karatasi, kwa hiyo Jumamosi nakuja na basi la saa nane. Pasha moto hiyo sauna mpya. Kagua dohani kwanza.

Mwanao, Jouko

Hietaperä, 23 Februari 1988

Amani ya Mungu, mwanangu Jouko.

Tangu Jumapili, niliposimama ibadani nikaieleza ile dohani mbele ya watu wote, nawe ukaniwekea mkono, kijiji hakina habari nyingine. Hilja aliruka akipiga makofi, na ana miaka themanini na miwili. Leo anauguza kiuno na anasema hajuti hata kidogo. Umesahau soksi zako, nami nimezivaa.

Asubuhi nilipokuwa nanyoa niliijaribu tena mbele ya kioo. Ikatoka. Nikairudia kwa sauti mpaka mbwa akabweka.

Kaa katika amani ya Mungu.

Baba