Koti la Oreste

Mtaa wa Mfereji 11,
Prato.
14 Novemba 2022.

Mpendwa mwanangu Nedda,

Pokea salamu za baba yako mdogo, mtu ambaye siku hizi Ulaya nzima haivai nguo kabla yeye hajaishika. Hujambo huko Rosario? Mtoto ameshaota meno? Sisi wazima. Magoti yangu tu ndiyo yananung'unika mvua ikikaribia, na mama yako mdogo Loriana anasema afadhali hayo, maana yanaongea kidogo kuliko mimi.

Barua yako ya kuulizia koti la marehemu baba yako niliipata. Unataka kumfunika nalo mtoto, ajue babu yake Oreste alinukia vipi. Nitalifikia hilo. Kwanza habari kubwa.

Mikoa mitatu imeshikana mikono: wetu wa Toskana, mmoja wa Uswidi na mmoja wa Polandi. Wanataka nguo ikichakaa irudi kuwa nguo, tena na tena, isitupwe kamwe. Walipoulizana nani anaijua sufu, shingo zote ziligeukia ghala letu la matambara. Wakaja watu arobaini, au tuseme tisa. Nikavua koti nililovaa ili mikono iwe huru, nikafungwa kitambaa machoni, nikaletewa makoti mia tatu mezani. Loriana akawaambia, "Mwacheni hivyohivyo, leo amependeza." Nilitaja sufu, nikataja nailoni, na koti moja nilitaja hata kondoo wake alichechemea mguu upi.

Mkubwa wao, bibi Mswidi aitwaye Gunvor, ni mbunifu wa mavazi. Alikuja na koti la mfano: kola ya sufu, bitana ya sufu, vifungo vya mbao. Nikalipapasa, nikamwambia uzi wa kushonea ni nailoni. Akasema ni mwembamba mno, nani atauona?

"Wewe huuoni, mama," Loriana akadakia. Amechambua matambara pembeni yangu miaka thelathini. "Meno ya mashine ya kuchana yatauona."

Gunvor akacheka, akaomba kisu, akaanza kufumua mshono palepale. Sasa makoti ya mikoa yote mitatu yatashonwa kwa uzi wa sufu. Waambie majirani zako hilo ni la baba yako mdogo. Na la Loriana kidogo.

Nedda, ungeona mashine inavyochana. Hatutii rangi sisi, tunachanganya matambara yenyewe mpaka rangi ije. Vumbi la sufu hupaa na kuelea kwenye mwanga wa dirisha la juu, jekundu, kisha la kijani, kisha la kijivu, nami husimama humo kama niliyemezwa na wingu. Huwaza mabega yote yaliyobeba vile vitu, mtu wa posta wa Polandi, bibi harusi wa Uswidi, watu wasiojuana, wote wakinishukia taratibu kwenye nywele.

Kitambaa cha kwanza cha mikoa mitatu kimetoka kijivu, kama mto Bisenzio asubuhi ya mvua. Nimekukatia mita mbili, zimo ndani ya kifurushi hiki pamoja na biskuti za lozi. Ukizikuta pungufu, usiulize.

Msalimie mumeo Ezequiel, na mama yako Argia mwambie sijamsahau. Mungu awape usingizi mnene, na mtoto akue na miguu ya baba yako, si masikio yangu.

Sasa koti. Kwenye simu nilikuambia Waswidi waliniomba wakaliweke kwenye kabati la kioo. Si kweli. Ndilo nililolivua siku ile, nikaliacha mezani. Lilinifikia mkononi la mwisho. Nikalipapasa kola, nikapapasa mifuko, nikasema mbele ya wote, "Sufu safi, kuukuu. Mwenyewe simjui. Mashineni."

Limo humo kwenye kijivu. Nimelivaa miaka sita, mwanangu, na sikulitambua.

Baba yako mdogo, mwenye kukupenda,
Ivo