Mwalimu wa Udereva na Giaboksi Iliyokufa

Shoga, acha unachofanya usome hii.

Shemeji yako, mwalimu wa udereva miaka ishirini, kampelekea fundi gari letu la otomatiki, nami nimo ndani. Eti kila akikanyaga mafuta linashtukashtuka, giaboksi imekufa, ishushwe leo leo. Daktari bingwa huyo!

Fundi akaliendesha kwanza. Likateleza kimya, halikushtuka hata mara moja.

Bingwa akashika usukani. Likaanza kurukaruka kama mbuzi! Fundi akainama, akachungulia miguuni.

"Mwalimu, mbona mguu mmoja uko kwenye breki?"

Kwenye breki, shoga! Kazoea kuwazuia wanafunzi kwa ile breki ya pili ya upande wa mwalimu, sasa anajizuia mwenyewe!

Kurudi nimeendesha mimi. Yeye kwenye kiti cha abiria, kanuna, na njia nzima anakanyaga breki isiyokuwepo.