Mtasema Anahamia

Kijiji Kipya, Barabara ya Mpui,
Sumbawanga.
13 Oktoba, 1974

Kaka yangu mpendwa Flavian,

Shikamoo kaka, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kambini Makambako, na kwamba kile kifua ulichosema kinakubana kwa vumbi la reli sasa kimepoa. Sisi huku hatujambo. Dada Margareth na watoto hawajambo, Baba hajambo, nami sijambo, ila nyayo bado zinaniwaka kidogo, na sababu ya kuwaka kwake ndiyo habari ninayokuandikia. Huku upepo unavuma mchana kutwa, nyasi zimechomwa kila upande, na mvua bado tunaisubiri.

Barua yako ya mwezi wa nane niliipata. Nilimsomea Baba yote, isipokuwa pale ulipoandika kwamba akikataa kuhamia kijijini basi mgambo wambebe wamtupie kwenye lori, atazoea akifika. Pale nilikohoa nikaruka mstari. Kaka, wewe umekaa mbali muda mrefu, umesahau baba yako ni nani. Huyu ni mtu aliyekwenda Abakoni kwa miguu, ng'ambo ya mpaka, na kurudi na mzigo wa majembe kichwani, na mpaka leo akisimulia anataja kila mto aliouvuka. Ukimbeba mtu kama huyo mbele ya watu kama gunia la ulezi, utakuwa umefikisha gunia.

Hali ilikuwa hivi. Kule bondeni tulibaki mimi na Baba tu. Majirani wote, hata Margareth na watoto, walikuwa wamekwisha kuhamia huku barabarani, na tuliambiwa kwamba mwezi wa tisa ukiisha, atakayekuwa bado yuko nyuma atapandishwa lori apende asipende, na paa lake litaezuliwa. Balozi wa nyumba kumi alikuja kumbembeleza Baba, katibu akaja kumwamuru, padre naye akaja kumwasa. Wote Baba aliwapa kiti na togwa, akawasikiliza, kisha akawajibu jambo moja. Alisema yeye hana ubishi na serikali, ila mbwa wake ni mzee, hawezi safari, na yeye hamwachi.

Mbwa mwenyewe ni Mtasema, unamkumbuka akiwa wa kukimbiza nguruwe shambani. Ndiye yule ambaye Baba alimpa jina hilo wakati majirani walipokuwa wanatuteta kwa kujenga nyumba ya matofali. Sasa jicho moja limeingia ukungu, masikio hayasikii, na miguu ya nyuma asubuhi inakataa kunyooka. Akiamka anasimama kwanza, anafikiri, ndipo anapiga hatua. Baba naye tangu masika alikuwa havuki ghala. Magoti yake hajawahi kuyataja kwa mdomo wake, na mimi si mwendawazimu wa kumtajia. Kila aliposema mbwa hawezi, mimi niliitikia kwamba ndiyo Baba, mbwa hawezi.

Siku moja nikamwambia kwamba kama tatizo ni mbwa, basi mbwa afundishwe upya kutembea, na mimi sina kazi nyingine. Akaniangalia sana. Kisha akauliza kamba nitamfunga wapi, maana shingoni atakabwa. Nikajua tayari nimempata. Tulisuka kamba laini ya katani, tukaizungushia kitambaa cha kanga kuukuu ya marehemu Mama, tukaipitisha kifuani na nyuma ya miguu ya mbele ili shingo ipumzike. Asubuhi tulimwacha kwanza aote jua ukutani, nikamkanda nyonga mpaka zilegee, ndipo tukatoka. Baba alishika kamba. Siku ya kwanza tulifika kwenye mti wa msuku na kurudi. Baadaye tukafika kisimani. Baadaye tukavuka kisima. Alipohema, tulisimama. Hatukumvuta hata mara moja, na jua lilipoanza kuchoma tulikuwa tumekwisha kurudi nyumbani.

Watu walicheka, kaka. Waliokuja kuchukua mihogo yao kwenye mahame walisimama kututazama, maana hapa kwetu nani amewahi kumtembeza mbwa? Mbwa hujitembeza mwenyewe. Bibi Cornelia, yule wa ng'ambo ya mto, alipopata habari hizo alitangaza kwamba Bertilla amekuwa mzungu, karibu atamvalisha mbwa kofia. Nilicheka pamoja nao. Nilikuwa namwona Baba akirudi kutoka kisimani ana jasho usoni na anaomba chakula, na hilo wao walikuwa hawalioni.

Siku za mwisho za mwezi lori likaja. Unamjua Hamidi, mtoto wa mzee Huseni mwenye duka mjini. Ndiye aliyepewa kazi ya kubeba vyombo. Tulipakia vitanda, vihenge na kuku, lori likaondoka, na sisi watatu, Baba, mbwa na mimi, tukashika njia kabla umande haujakauka. Mtasema nilikuwa nimempa uji wa ulezi kidogo tu, maana tumbo likijaa mzee hatembei. Nilibeba kibuyu cha maji na kata ya kumnyweshea, na samli ndani ya kikopo. Samli ilikuwa ya makucha na nyayo zake. Vile visiki vya nyasi zilizoungua ni vikali kama misumari, kwa hiyo palipokuwa na majivu nilimfunga vitambaa miguuni, na tulipofika barabarani nikamweka pembeni kwenye udongo laini, mbali na changarawe. Kwa kuwa hasikii magari, mimi nilitembea upande wa barabara, yeye upande wa majani, na Baba kati yetu. Nilimshika Baba kiwiko, nikamwambia ni kwa ajili ya kamba isimponyoke.

Kila penye kivuli nilitangaza kwamba mbwa amechoka. Baba aliinama, akamtazama ulimi, akakubali kwamba kweli amechoka, tukakaa wote. Nilimpaka mbwa samli, nikamkanda miguu, kisha nikasema si vizuri kuitupa iliyobaki mkononi, nikampaka na Baba magotini. Alinyoosha miguu akatazama kwingine, kama mtu anayekatwa nywele.

Karibu na njia panda tulikutana na mgambo wawili wanakuja na baiskeli. Walimwona mbwa kafungwa kamba kifuani na vitambaa miguuni, wakasimama. Unajua huku kwetu mbwa akiongozwa kwa kamba ni mwizi wa mayai, anapelekwa kwa balozi kushtakiwa. Walimwamkia Baba shikamoo, kisha mmoja akauliza huyu mbwa mzee ameiba nini, na vitambaa vile ni vya kufuta nyayo zake au vipi. Mimi nilitaka kujibu kwa hasira. Baba akanitangulia. Alijisimamisha wima kabisa, akawajibu taratibu kwamba hajaiba kitu, ni mzee, anahamia. Wale vijana hawakucheka tena. Mmoja alishuka kwenye baiskeli, akageuka kutusindikiza mpaka mtoni, akamsaidia Mtasema kuvuka kwa kumwinua na kitenge changu kilichopita chini ya tumbo. Baba alivuka mwenyewe, kwa fimbo.

Tulilala kwa Bibi Cornelia, ambaye kwa mdomo wake ule ule alimtandikia mbwa gunia jikoni karibu na moto ili viungo visikaze. Kesho yake, mchana, tuliingia kijijini. Kaka, ningependa ungekuwepo. Watu walitoka kwenye vibanda vyao, wengine na michi mikononi, watoto wakatufuata, na vicheko vyote vilikuwa vimekwisha. Baba alikuwa mbele ameshika kamba. Alimwamkia kila mtu kwa jina lake la ukoo. Walipomletea kigoda alisema ngojeni kwanza mbwa apate maji. Nilikuwa nyuma yake nimebeba kibuyu kitupu, na machozi yalinitoka kwa fahari, sikuyafuta.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamweleza mtu hapa, hata Margareth. Asubuhi ile ya kupakia, Hamidi alikuwa ameniita kando, akaniambia kwamba hana shida na mbwa. Nafasi ipo mbele, karibu na dereva, mzee akae na mbwa wake miguuni, watafika kabla ya adhana ya mchana. Ni kijana mwema na alisema kwa heshima. Mimi nilimkatalia, nikamwomba asimwambie Baba. Mbwa hakuhitaji kutembea, kaka. Angefika kwa lori vizuri zaidi. Nilimtembeza kwa sababu ndiye mzee pekee ambaye Baba angekubali apumzishwe, anyweshwe, akandwe na kusubiriwa njiani bila aibu. Kila nilichomfanyia Mtasema nilikuwa namfanyia Baba, na nilimwogopa sana Mungu pale njiani kwa kuwazia kwamba mmoja wao angeanguka kwa sababu yangu.

Nilidhani siri hiyo tunayo wawili tu. Juzi Hamidi alileta miti ya kuezekea, nami nikahangaika kumweka mbali na Baba. Baba akamwita mwenyewe. Akamshukuru kwa ile nafasi ya mbele, akamwambia kwamba lori lake ni zuri, na siku nyingine atapanda. Mimi nilisimama pale na majani ya kuezekea mkononi sijui niyaweke wapi. Hamidi alipoondoka, Baba aliniambia kwamba siku ile alikuwa nyuma ya ghala, na masikio yaliyokufa ni ya mbwa, si ya kwake. Nikamuuliza kwa nini basi hakupanda. Akasema watu wengi walikuja kumwambia hama. Mimi peke yangu ndiye niliyemwambia twende.

Kisha akaniagiza nikuandikie kwamba mbwa amefika salama, basi, na habari zake yeye niziache. Nimetii: mbwa amefika salama. Haya mengine nayaandika kwa ukaidi wangu mwenyewe. Baba yetu, Flavian, ameingia kijiji kipya kwa miguu yake, mchana, watu wote wakimwona.

Wasalimie wenzako wote wa kambini, hasa yule Zenon aliyetuletea sukari. Margareth anakusalimu, watoto wanauliza kama reli ina sauti. Jilinde na vumbi, usiache sala, na ukipata likizo uje, mlango wetu unatazama barabara.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Bertilla