Kiti cha Pili Kutoka Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi
Kinyozi bora wa mji huu leo hakunyoa hata kichwa kimoja. Ndiyo, mimi. Mteja akiingia ananiuliza natokea wapi, namjibu, anatabasamu — kisha anasema atamsubiri Sharubu, kinyozi wa kiti cha kwanza. Sharubu! Ananyoa kama mbuzi anavyokula bustani, lakini ni mwenyeji, kasoma na mji mzima. Mimi nimesoma na nani? Hata kwetu sikumaliza.

Jumanne, 4 Machi
Mama kapiga simu. Nikamwambia duka limejaa wateja, hawana pa kukaa. Si uongo. Sikusema tu wanamsubiri nani.
Mjomba ninayekaa kwake alikuwa anasikia, akacheka mpaka akakohoa. Kwetu alikuwa mhasibu, mtu wa tai. Hapa anasukuma vitoroli vya supamaketi. Vyeti vyake hawavitambui. Eti afadhali mimi, mkasi hauulizwi umesomea wapi. Aje aone!

Jumatano, 5 Machi
Bosi kaniita pembeni. Alinichukua kwa kubembelezwa na mjomba, basi hakufoka. "Kijana, kiti nakilipia pango. Jumamosi jioni kikiwa bado kitupu, nampa mwingine."
Nimwambie mjomba? Thubutu.
Nimeanza kuiga lafudhi ya hapa. Sharubu kasema naongea kama redio iliyoingia maji.

Ijumaa, 7 Machi
MTEJA! Dereva wa lori, ana haraka, kwa Sharubu foleni. Kakaa kwangu. Nikanyoa — mstari wa kipaji cha uso umenyooka kama umepigwa rula. Nikanogewa. Nikasahau niko wapi. Nikamalizia kama alivyonifunza fundi wangu kwetu: makofi mawili mabegani, shika kichwa, zungusha shingo hadi ilie — kwa! Kwetu usipomvunja mtu shingo anadai hujamnyoa. Huyu aliruka kama kaguswa na pasi, akatoka mbio, kitambaa changu shingoni kinapepea kama bendera.
Sharubu kacheka hadi kakaa sakafuni. Bosi hakucheka.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika nyuma ya pazia la stoo. Jioni ndiyo hii. Dereva karudi! Na madereva wenzake wawili, shingo kama magogo. Nikakimbilia huku, najua nimekwisha.
Kumbe kaleta kitambaa, kimefuliwa. Anamwambia Bosi shingo ilimkaza mwaka mzima, jana kalala kama mtoto. "Yule mvunja shingo yuko wapi? Hawa nao wanataka."
Sharubu kadakia: hata yeye anaweza, wakae kwake. Muongo! Hajui hata pa kushika. Lakini wanamjua, walicheza naye mpira utotoni.
Nachungulia: Bosi anatazama kiti cha Sharubu, anatazama changu. Dereva mmoja kashavua kofia, kasimama katikati ya viti viwili, mkono juu ya changu — na fundi mzima nimejibanza stoo, nimeshika kalamu badala ya mashine! Toka, mjinga we, to—