Musalaba juu ya muguu ya Kambale

Butembo, jeudi (alhamisi), mangaribi

Lakini ile mapigo ya mushipa niliisikia na vidole yangu. Niliisikia kabisa.

Kambale, mutu wa kuendesha pikipiki ya taxi-moto kule Masereka, lori ya Fuso ilimubana jana ku kiuno. Mifupa ya nyonga ilivunjika, tukaifunga hapa hospitali na kitambaa ya kikwembe, nguvu sana. Juu ya muguu yake ya kuume, pahali mushipa inapiga, mimi muuguzi wake nilichora musalaba na bic, kalamu ya wino, ili kila saa tujue pa kugusa.

Asubui musalaba ilikuwa haiko tena. Mama yake aliifuta na sabuni. «Musalaba ni ya kaburi, infirmière. Mutoto wangu hajakufa.»

Nilikasirika. Nilitafuta mushipa haraka haraka, nikafinya sana. Mapigo ikakuja. Nikaandika mu fiche, karatasi yake ya mugonjwa: muguu iko muzuri.

Saa sita ya muchana muguu ilikuwa baridi sawa kiazi ya mu udongo. Dokta akagusa. «Hakuna kitu hapa.» Nikafinya tena, nikamuambia: «Mais niko nasikia!» Akashika mukono yangu ingine, akahesabu mapigo yangu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Ilikuwa inaenda pamoja na ile ya muguu. Nilikuwa nasikia damu yangu mu muguu ya mutu mwingine.

Balimupasua palepale, bakatosha damu yenye iliganda mu mushipa. Sasa muguu inaanza kupata moto, mais vidole mbili ya muguu ingali nyeusi. Mama yake mwenyewe aliniletea bic. «Chora.»

Nimeweka vidole juu ya hii meza ya mbao.

Inapiga.