Kiwanja cha Tatu kutoka Jabalini

Jumatano, 7 Januari 1970

Hati za mizigo ishirini na mbili tangu asubuhi. Vidole vimekufa ganzi. Karani mkuu amesoma mbili tu, akazirudisha bila neno. Asipoona kosa hasemi kitu.

Amenipa mbao za makasha ya chai. Nilikuwa nataka kumwomba tangu Jumamosi, kila nikisogea mezani kwake narudi nyuma. Leo nimesema. Akauliza za nini. Nikamwambia za vigingi vya kiwanja changu. Akavua miwani akanitazama.

"Kiwanja chako," akasema.

Basi. Lakini alilisema neno hilo, na makarani wote wawili walisikia.

Nimechonga vigingi vinne, urefu wa mkono mmoja. Nimevipaka rangi nyekundu ya kuandikia magunia. Vimesimama ukutani vinakauka. Navitazama nikiandika.

Ijumaa, 9 Januari

Nimetoka mara lango la mji wa Maskati lilipofunguliwa alfajiri. Lori mpaka mwisho wa Wadi Kabir, kisha kwa miguu saa moja na nusu, debe la maji begani. Ami, ndugu yake baba, amenuna kwa kuwa nakosa sala ya Ijumaa. Nimesali huko huko, sala ya msafiri.

Niandike vizuri, ili nisije nikadhani niliota. Mwezi uliopita sheikh wa kabila letu aligawa viwanja vinane kwa familia nane zilizorudi kutoka Unguja na Pemba. Vimepangana safu moja, kuanzia jabali hadi bonde kavu. Changu cha tatu kutoka jabalini. Hakuna maji, hakuna njia, hakuna nyumba hata moja. Changarawe, mbuzi wa mabedui, na upepo. Hakuna hati pia. Hilali, mtu wa sheikh, alituzungusha, na kila pembe akaweka mawe matatu, moja juu ya jingine. Viwanja havilingani, alipima kwa jicho. Mimi nilimfuata nyuma nikihesabu hatua na kuandika daftarini. Watu walicheka.

Leo nimefanya kazi ya kiungwana. Nimeokota mawe kiwanja kizima, nikafagia kwa tawi. Kwetu Unguja shamba lisilolimiwa wala kufyekwa ni shamba lisilo na mwenyewe. Sitaki mtu apite adhani changu hakina mwenyewe. Yale mawe matatu matatu ya Hilali nimeyaondoa pia. Yalionekana kama mchezo wa watoto. Pembe zote nne nimepigilia vigingi vyangu. Mawe nimejengea kiukuta, kimefika magotini.

Pembe ya kwa Suweid kuna mkunazi. Mti pekee wa safu nzima. Nimekula tende kivulini mwake.

Suweid ndiye mwenye kiwanja cha nne. Mpemba, fundi wa magari, mdomo haufungi. Alikuja kunitazama, mikono kiunoni.

"Yakhe karani, jangwa unalifagia? Ukimaliza uje na kwangu, halafu endelea mpaka Bara Hindi."

Nilisimama katikati nikageuka pande zote nne. Yote hii yangu. Nina miaka ishirini na mitatu na sijawahi kuwa na kitu kisichoingia sandukuni.

Jumamosi, 10 Januari

Mgongo. Siwezi kuinama kufunga kiatu.

Mama ameuliza mambo mengi. Udongo rangi gani. Upepo unatoka wapi. Kisha akauliza kama kuna kivuli. Nikamwambia kuna mkunazi mkubwa. Akaweka tasbihi chini.

"Mkunazi? Ndani ya mipaka yetu?"

Nikasema ndiyo.

Uani kwetu Unguja kulikuwa na mkunazi. Hakuutaja, wala mimi. Baadaye nilimsikia jikoni akimwambia Ami kwamba atashona mkeka wa kutandika chini yake. Tangu tufike Maskati sijamsikia akipanga jambo lolote la mwakani.

Jumanne, 13 Januari

Kosa moja katika hati ya mchele. Nimelirekebisha kabla halijaonekana.

Ijumaa, 16 Januari

Vigingi havipo.

Vyote vinne. Nilidhani nimepotea, nikarudi jabalini nikaanza kuhesabu viwanja upya. Sikupotea. Kando ya bonde nimekuta mafiga matatu na majivu. Ndani ya majivu msumari wa kasha la chai, bado una rangi nyekundu.

Bibi mmoja wa kibedui alikuwa hapo na mbuzi wake. Nilimuuliza kwa Kiarabu changu cha skuli. Hakuficha. Alisema alikuta kuni nzuri kavu zimesimama zenyewe, akamshukuru Mungu, akachemshia kahawa. Alinitakia baraka, kama kwamba nilimwachia yeye makusudi. Huku hakuna miti. Ubao uliosimama ni kuni. Jiwe halichukuliwi na mtu, hata miaka mia. Mimi nimeliondoa jiwe nikaweka kuni, tena nikazipaka rangi zionekane kutoka mbali.

Si changu tu. Pembe zangu mbili ndizo pembe za Suweid. Mbili nyingine ni za Bi Salma, mjane wa kiwanja cha pili. Nimeondoa mipaka ya watu watatu. Kwa sababu ya usafi.

Suweid leo hakucheka. Alizunguka akipiga teke changarawe. Bi Salma alikaa chini palepale aliposimama.

"Mwanangu," akaniuliza, "sasa changu mimi kinaishia wapi?"

Nilionyesha kwa mkono. Kisha nikaonyesha mahali pengine.

Jumapili, 18 Januari

Hilali amekuja ofisini. Khanjari kiunoni, bakora mkononi, mpaka mezani kwangu. Makarani wote walikunja shingo. Nilidhani amekuja kuniaibisha mbele ya watu.

Hakupandisha sauti. Amesema habari imefika. Sheikh hataki ugomvi wa mipaka. Wapo wachungaji waliomwambia tangu mwanzo kwamba uwanda ule ni wa mbuzi na si wa watu waliotoka baharini. Ijumaa tusimame kule viwanjani sote. Tukikubaliana sisi watatu mpaka unapita wapi, vizuri. Tusipokubaliana, safu yote inarudi kwa sheikh. Viwanja vyote vinane.

Familia nane. Kwa mkono wangu.

Sikula mchana. Karani mkuu aliuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 19 Januari

Daftari. Mungu anisamehe, nililisahau daftari. Siku tatu nahangaika na jibu limo sandukuni chini ya kanzu.

Kila kitu kimo. Kutoka jiwe kubwa jeusi la jabalini, hatua kwa hatua, safu nzima. Mpaka wangu na Bi Salma. Mpaka wangu na Suweid. Nimeyasoma mara tatu kwa furaha. Mara ya nne nikaona mstari wa chini ya ukurasa, kwa wino wangu mwenyewe: "Mkunazi, hatua tisa nje."

Nje. Upande wa Suweid.

Nimejaribu kukumbuka siku ya vigingi. Pembe tatu nilizipima kwa hatua, mawe ya Hilali yakiwapo mbele yangu. Pembe ya mkunazi niliyaondoa mawe kwanza, nikapigilia kigingi ng'ambo ya mti, nikaenda kunywa maji. Jua lilikuwa kali, ndiyo. Lakini hatua tisa si kosa la jua.

Nadhani nilijua.

Jumatano, 21 Januari

Hakuna mwingine aliyeandika. Hilali aligawa kwa jicho, na mwezi umepita. Suweid anadhani mti ni wangu tangu aliponiona nakula chini yake. Naweza kusoma daftari lote na kuruka mstari mmoja. Hakuna atakayejua.

Nikisema, Hilali atauliza kwa nini kigingi kilivuka mti. Mbele ya familia nane. Nitajibu nini?

Mama amemaliza nusu ya mkeka.

Shamba letu la Unguja alilichukua mtu aliyejua kwamba si lake. Nimemchukia miaka sita kwa jambo hilo moja. Simchukii kwa kuwa maskini au tajiri, wala kwa kabila lake. Ni kwa kuwa alijua.

Sina hamu ya kuandika zaidi.

Ijumaa, 23 Januari

Nataka kuandika kwa mpangilio.

Tulikuwa watu kama ishirini. Hilali alisimama kwenye kiukuta changu. Hakuna aliyeketi. Aliuliza: nani anasema mpaka unapita wapi? Suweid akawa wa kwanza, kwa Kiarabu chake kibovu kisha kwa Kiswahili. Alisema mkunazi ni wa karani, amemwona akisali hapo, mpaka upite nyuma ya mti, yeye hana neno. Bi Salma akasema naye hana neno, atachukua atakapoonyeshwa.

Basi, ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni mimi kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote.

Nilitoa daftari.

"Mkunazi si wangu," nikasema.

Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. Hilali akaniambia nirudie. Nikarudia. Nikawaeleza niliyoyaandika siku ya kugawa, kwamba kigingi nilikivusha, na kwamba sina sababu ya kuwapa.

Suweid alinisogelea akaninong'oneza. "Nyamaza, yakhe. Nimeshakupa."

Hilali akaniamuru nihesabu. Nikaanzia jiwe jeusi. Alinifuata nyuma akihesabu kwa sauti kwa Kiarabu, na watu wote nyuma yake, kama arusi isiyo na ngoma. Mpaka wa Bi Salma ulitoka sawa na kumbukumbu yake, mwenyewe alisema ndipo pale pale. Mpaka wa Suweid. Kisha nikaendelea hadi kwenye shina. Moja, mbili. Tisa.

Suweid alivua kofia akajikuna. "Karani," akasema, "wewe mjinga wa kusomeshwa." Lakini alisema taratibu, na hakunitazama.

Kisha Hilali akaniambia: uliyoyashusha, yapandishe. Mawe nilitoa kwenye kiukuta changu, hapakuwa na mengine makubwa karibu. Mawe kumi na mawili, pembe nne. Hakuna aliyenisaidia, na ilikuwa sawa wasinisaidie. La mwisho liliniponda kidole.

Akawauliza watu mmoja mmoja kama kuna mwenye shaka. Hapakuwa na mwenye shaka. Akaniuliza mimi. Nikasema sina. Akagonga bakora juu ya rundo la pembe ya mwisho. Halikuyumba.

Watu walipoanza kuondoka akaniita kando. Nilijua adhabu imefika.

"Mwezi ujao nagawa safu nyingine ng'ambo ya bonde," alisema. "Utakuja na daftari lako. Utatembea mbele, mimi nyuma."

Nimerudi saa moja na nusu kwa miguu na sikuhisi njia. Kiukuta changu kimebomoka. Mti sina. Sijapata kutembea nimenyoosha mgongo namna ile tangu niteremke melini.

Jumamosi, 24 Januari

Nimemwambia Mama. Nilitaka kuanza na maneno ya Hilali, lakini nikaanza na mti. Nilimwambia pia kwamba nilipomjibu ndiyo, siku ile aliponiuliza, huenda nilikuwa naongopa.

Alikuwa na ukindu mkononi. Alishona mishono miwili mitatu. Kisha akauliza kama kiwanja chenyewe bado tunacho. Nikasema tunacho, na watu ishirini mashahidi. Akasema basi Ijumaa nimchukue akakione.

Ami amecheka mpaka akakohoa. Anasema nimekwenda kugombea ardhi nikarudi na kazi.

Jumatano, 28 Januari

Karani mkuu amesikia. Sijui kwa nani. Ameniwekea mezani kamba ndefu ya kupimia, yenye vifundo, ya zamani. Hakusema kitu. Nimeikunja nikaiweka kwenye mtoto wa meza.

Ijumaa, 30 Januari

Nimempandisha Mama punda kutoka Wadi Kabir. Alishuka penye rundo la kwanza, akataka kuzunguka kwa miguu yake. Pembe zote nne. Kila rundo aliligusa jiwe la juu kwa vidole viwili.

Saa sita jua likasimama. Suweid alikuwa kwake, amejinyoosha chini ya mkunazi na birika la chai. Aliinuka akafuta mahali kwa kofia yake, akaita kwamba Bi Mkubwa aje kivulini, pana nafasi, na chai ina iliki.

Mama alikuwa ameshatandika mkeka katikati ya kiwanja. Alijifunika kanga kichwani, akaketi, akanyoosha miguu.

"Ahsante, mwanangu," akamjibu. "Nnakaa kwangu."

Suweid akamletea kikombe mpaka mpakani. Nikakipokea.